Mti Mama Aliouokota Ziwani

Tangu tuliporudi Burundi kutoka Tanzania, kitu kinachonichosha kuliko vyote ni kwamba hapa hakuna mtu anayekubali kusema hajui. Muulize njia mtu ambaye hajawahi kufika unakokwenda, atakuonyesha kwa kidole bila kupepesa macho. Muulize dawa ya tumbo, atakutajia majani. Kwa hiyo nilipoanza kuzunguka na ule mti mkononi nikiuliza ni kitu gani, nilipata majibu mengi kuliko nilivyoweza kubeba, na kila aliyejibu alikuwa tayari kuapa.

Mama yangu ndiye aliyeuokota, kwenye ufukwe wa Kanzigiri, ziwa dogo lililo upande wetu wa Giteranyi. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, maji yamerudi nyuma na kuacha tope pana lililokauka na kupasuka. Alikwenda kufua mablanketi, akarudi na mablanketi mabichi begani na mti kichwani. Ulikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka bega hadi vidole, mweusi, mzito, nje umeviringa na ndani umechimbwa. Upande mmoja ulikuwa umevunjika vibaya. Upande wa pili ulikuwa na kitu kama ulimi mnene uliochomoza mbele, na juu ya ulimi mtu alikuwa amechonga mfereji mwembamba kwa uangalifu.

Nilikuwa nimekuja nyumbani kupumzika. Mimi ni mshonaji, nimepanga chumba na cherehani yangu Gitega mjini, na huko Giteranyi naenda nikipata nafasi. Nilimuuliza mama anataka kupikia kuni gani hizo za majini. Aliuweka nyuma ya nyumba chini ya paa, akaufunika kwa gunia, akaja kukaa nasi.

"Ule ni wa kaka yangu," alisema. "Sasa tunaweza kuganduka."

Kuganduka ni kumaliza matanga. Mtu akifa, ndugu zake wanabaki katika kilio kwa muda, na siku ikifika wanakusanyika, wanakula na kunywa pamoja, wanamtaja marehemu hadharani, kisha kila mmoja anarudi kwenye maisha yake. Familia ambayo haijaganduka inakuwa na deni la moyo. Yetu ilikuwa haijaganduka kwa sababu ya kaka yake mama, mkubwa wao, aliyepotea mwaka ule watu walipokimbilia Tanzania. Wazazi wao walikuwa wameshauawa. Walikimbia watatu: huyo kaka, kijana wa kama miaka kumi na minane, mama, msichana, na mdogo wao, mtoto wa kubebwa mgongoni. Kambini walifika wawili. Mimi nilizaliwa huko miaka ya baadaye, na nilichojua ni kwamba mjomba mkubwa "walipotezana naye kwenye kuvuka". Mama hakuwahi kuongeza neno.

Aliyekuwa mgongoni sasa ni mtu mzima mwenye mvi za kwanza. Huyo ndiye mjomba wangu ninayemjua. Anafanya kazi Kobero, mpakani, anapakia na kupakua mizigo ya malori. Na tangu aanze kazi hiyo, kila dereva anayetoka upande wa Kabanga anamuuliza swali lile lile: hujakutana huko Tanzania na Mrundi mmoja, mtu mrefu, umri wake sasa ungekuwa hivi, alitokea Giteranyi? Madereva wamemzoea. Wengine humtania, wengine humpa matumaini ili tu awashushie mzigo haraka. Amewahi kwenda mpaka Kahama kwa sababu ya maneno ya dereva mmoja, akakuta mzee mwingine kabisa, mtu wa mkoa wa Ngozi.

Usimcheke. Kwetu watu wanarudi. Kuna mama mmoja wa kanisani kwetu aliyeonekana baada ya watoto wake kuwa wameshamzalia wajukuu, naye aliingia uani na mfuko wa plastiki tu, akasalimia. Ukishaona jambo kama hilo, utaanzia wapi kumwambia mwenzako akate tamaa?

Kwa hiyo mjomba alipokuja Jumapili na mama akamwonyesha mti, aliutazama akiwa amesimama, mikono nyuma.

"Dada, huu ni mti," alisema. "Maji yanaleta miti kila siku."

"Ni wake."

"Wake vipi? Umeandikwa?"

"Mimi nakwambia ni wake. Tugandukeni, tumechoka."

"Umechoka wewe. Mimi simziki mtu aliye hai."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mama kila akiulizwa amejuaje, alirudia kwamba amejua. Nilikaa katikati yao nikihisi kichwa kinaniuma, kwa sababu wote wawili ni wagumu na wote wawili nawapenda. Mwishowe mimi ndiye niliyetoa lile wazo, na sikushukuriwa na yeyote. Nilisema: kama kaka yenu alivuka ziwa, alivuka kwa mtumbwi. Mti huu umechimbwa kama mtumbwi. Nitaupeleka Gitega kwa watu wanaojua mbao. Wakisema ni kipande cha mtumbwi, mtumbwi ulivunjika majini, basi. Wakisema si mtumbwi, mama aache.

Mjomba alifikiri, akakubali. "Ukiwa mtumbwi nitaganduka," alisema. "Sitapinga."

Mama hakukubali. "Uache huo mti hapa," aliniambia, na alipoona nafunga mzigo akasema tena, "Uache." Niliona ni ukaidi wa kawaida wa mama, ule wa kutaka aaminiwe bila kuulizwa. Niliuzungushia kitenge cha zamani nikaondoka nao.

Ndani ya gari hadi Muyinga, na kutoka Muyinga kuelekea Gitega, ule mti ulikaa mapajani kwangu kama mtoto, na abiria wote walikuwa na la kusema. Muuza nguruwe mmoja alisema ni hori la nguruwe. Mwalimu mmoja alisema ni kipande cha ngoma, ngoma za zamani zilikuwa hivyo. Bibi aliyekaa dirishani alisema watu wa kale walizikwa ndani ya vitu kama hivyo, na baada ya hapo hakuna aliyetaka kukaa karibu nami. Nilipata nafasi ya kunyoosha miguu, lakini nilifika na hasira.

Gitega nimepanga kwa familia ya Waislamu, watu wa mjini tangu babu zao. Mwenye nyumba ni seremala, na karakana yake iko chini ya dirisha langu, hivyo randa yake na cherehani yangu hushindana kutwa. Ni mtu mwema, ila anapenda kusikilizwa. Aliuweka mti kwenye meza yake, akaupiga kwa kiganja, akaupuliza, akavaa miwani.

"Bon," alisema. "Mi nakwambia wazi. Hii kitu iko pirogi."

"Una uhakika ni mtumbwi, baba?"

"We binti, mi niko na mbao tangu sijaota ndevu. Angalia hapa ndani, wamechonga na tezo. Angalia hii kichwa inatoka mbele, njo pua ya pirogi. Na hii njia ya juu njo wanapitisha kamba. Donc iko pirogi, utauliza nini tena?"

Kwa jinsi alivyolieleza, hata mimi niliona kamba. Lakini nilijua mjomba ataniuliza kama nimeuliza mtu mmoja tu, kwa hiyo niliendelea. Mke wa mchungaji wetu alisema ni hori, lakini la ng'ombe. Muuza samaki sokoni alisema ni mtumbwi, akaongeza na aina ya mtumbwi. Nilikwenda hata kwa bwana mmoja anayejulikana mjini kwa kukusanya vitu vya zamani, ana chumba kizima cha mikuki, vibuyu na viti vya miguu mitatu. Alipokea mti kwa mikono miwili, akaugeuza polepole, akaupeleka kwenye mwanga, akanirudishia.

"Kwa kipande hiki, mimi sijui," alisema. "Ningekuwa na kizima labda ningejua."

Katika wote niliowauliza, huyo peke yake alisema hajui, na ndiye aliyeniudhi kuliko wote. Niliondoka kwake nikinung'unika njia nzima kwamba chumba kizima cha mikuki kina faida gani.

Seremala na muuza samaki walinitosha. Nilimpigia mjomba simu nikamwambia: watu wa mbao na watu wa samaki wamekubaliana, ni mtumbwi.

"Haya," alisema. "Kama ni mtumbwi, ni mtumbwi." Kisha akauliza kama Gitega kunanyesha.

Wiki iliyofuata mama alinipigia kuniambia kwamba mjomba amepanga siku. Na mke wake alimwambia mama jambo jingine: malori yalikuwa yanapita Kobero na mjomba anashusha mizigo kimya, haulizi tena. Alikuwa anarudi nyumbani na kulala mapema. Nilisikia uchungu, lakini nilijiambia angalau jambo limekwisha.

Halafu nikaenda Bukirasazi.

Nilikuwa nimeshona nguo za wasimamizi wa harusi, na mama wa bibi harusi aliniomba nizipeleke mwenyewe nikarekebishe papo hapo, kwa sababu wasichana hunenepa kati ya kupimwa na kuvaa. Nyumba ilikuwa katikati ya migomba. Nikiwa na pini mdomoni nilisikia wanaume wakiimba nyuma ya nyumba, nikachungulia. Walikuwa wamelizunguka gogo refu lililochimbwa, limejaa ndizi mbivu na majani makavu, wanayakanda kwa mikono na miguu mpaka juisi inatoka povu. Walipomaliza awamu ile, wawili waliinua gogo upande mmoja, na juisi ikatiririka kwenye mfereji mwembamba juu ya ulimi mnene uliochomoza mbele, ikaingia kwenye mtungi.

Nilitoa pini mdomoni. Nilimuuliza mama wa bibi harusi ile ni nini. Alinitazama kuona kama namtania.

"Ni umuvure," alisema kwa Kirundi. "Wa kukamulia pombe ya ndizi. Wewe umetoka wapi, mwanangu?"

Nilitoka kambini, ndilo jibu. Kanisa letu lilianza kambini na halitaki hata kusikia harufu ya pombe. Tuliporudi tulirudi nalo. Sijawahi kukaa penye kukamuliwa pombe maishani mwangu. Na Gitega nilikwenda kumuuliza nani? Seremala Mwislamu, ambaye baba yake na babu yake hawakuwahi kuwa na kitu hicho uani. Kitu ambacho mtoto yeyote wa vilima hivi angekitambua kwa jicho moja, mimi nilikizungusha nchi nzima kati ya watu wasiokunywa. Hata wale wa garini na yule wa mikuki, sijui walikulia wapi. Nilitaka kulia, na wakati huo huo gauni la msichana mmoja lilikuwa halifungiki.

Nilirudi chumbani kwangu, nikaufungua mti, nikapitisha kidole kwenye mfereji. Hakukuwa na la kubishana.

Sasa niambieni, ningefanya nini? Ningenyamaza, mama angepata alichokitaka. Angeganduka, angepumzika. Na mjomba alikuwa ameshakubali, jambo ambalo sikutegemea kuliona. Lakini mjomba aliweka sharti mbele yangu, mimi nikalipokea, na sasa alikuwa anakwenda kumzika kaka yake kwa sababu ya maneno yangu. Kama yule mtu yuko hai mahali fulani Tanzania, analima, anawaambia watoto wake habari za Giteranyi, mimi ndiye ningekuwa nimemzika. Nilizunguka na mawazo hayo mpaka nikashona mkono wa gauni upande wa nyuma.

Nilipanda gari siku moja kabla ya siku waliyopanga. Nilimpitia mjomba Kobero, na njiani sikumwambia kitu, nilisema nataka niongee mama akiwepo. Mama alikuwa uani anapepeta maharage ya wageni. Niliufungua mti mbele yao nikasema moja kwa moja, kwa sababu nilikuwa nimechoka.

"Si mtumbwi. Nilidanganywa nami nikawadanganya. Ni umuvure, wa kukamulia pombe. Hauna uhusiano wowote na ziwa, maji yaliuchukua tu kwenye migomba ya mtu."

Mjomba aliketi chini. Uso wake ulifunguka kiasi kwamba niliona haya kumtazama. "Nilisema mimi," alisema taratibu. "Nilisema tangu mwanzo. Dada, waambie wageni wasije. Kesho narudi kazini."

Mama aliendelea kupepeta.

"Najua ni umuvure," alisema.

Nilidhani ni ubishi. Nilikasirika kweli, nikamwambia kama alijua, basi aliniacha nizunguke na gogo la pombe mapajani kwa faida ya nani. Aliweka ungo chini akamgeukia mdogo wake.

"Mitumbwi ilikuwa haipo," alisema. "Wenye nayo walikuwa wameshavuka nayo. Barabara zilikuwa zimefungwa. Kaka akasema tuchukue umuvure wa baba. Tuliuviringisha juu ya vigogo vya migomba mpaka ziwani, mimi na yeye, wewe umelala mgongoni kwangu. Ulikuwa na ufa, tukauziba kwa tope na maganda. Mfereji huu alichonga baba, alikuwa anauchonga hivi, umepinda kidogo kushoto. Ningeusahau vipi?"

Mjomba alitazama ule mfereji. Mkono wake ulikuwa umeshika nyasi.

"Alituvusha sisi kwanza. Akatuacha kwenye matete, akarudi kumchukua bibi wa jirani, hakuwa na mtu. Walipofika katikati ukapasuka." Aligusa upande uliovunjika. "Hakujua kuogelea. Wala mimi sikujua."

"Uliona?" mjomba aliuliza.

"Nilikuwa pale."

"Uliona, ukaniambia tumepotezana naye."

"Uliamka ukamuuliza. Nikasema anakuja, ukanyamaza. Kesho yake ukauliza tena, nikasema anakuja. Ulikuwa hulali bila kuambiwa hivyo. Nikasema nitangoja ukue. Ulipokua nikakuta unamtafuta, na nikaona aibu. Nilipouona huu ufukweni nikasema Mungu amenisaidia. Tutauweka chini, tutaganduka, na sitalazimika kusema."

Basi hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakutaka niuchukue. Alichotaka ni tumzike kaka yake bila kuuliza, na mimi nikazunguka nauliza mpaka kwenye harusi ya watu. Na bado nilikuwa na hasira naye. Nilimfikiria mjomba akipanda lori kwenda Kahama kumtazama mzee wa Ngozi usoni, na mama yangu akimfungia chakula cha safari. Sijui kama hasira ile imeniisha hata leo.

Mjomba aliinuka akatoka uani, akaenda akasimama kwenye njia ya baiskeli akitugeuzia mgongo. Mama hakumfuata. Alichukua ungo, akaanza tena na maharage yale yale yaliyokwisha kupepetwa. Nilikaa sijui nimfuate nani. Mwishowe nilipakua ugali na maharage ya jana, nikampelekea sahani huko huko njiani, naye akala amesimama, akaimaliza yote.

Aliporudi, alikaa karibu na ule mti, akauweka sawa ili ulimi uelekee nyumba.

"Kesho nani atasema maneno?" alimuuliza mama, bila kumtazama.

Siku ya kuganduka maneno ya kumtaja marehemu husemwa na mwanamume mkubwa wa familia. Mama alimwambia hivyo, kwa sauti ndogo, kama mtu anayemkumbusha mtoto.

"Mkubwa ni kaka," mjomba alisema, na papo hapo akanyamaza. Tulimwona akihesabu waliobaki. Alivua kofia yake ya kazi akaiweka gotini.

"Basi ni mimi," alisema.

Mama akamjibu kwamba ndiyo, ni yeye.